Ukurasa wa Nne

Shuleni, Kajiado
2 Februari 2025

Kwa Anko Mbugua,

Mwalimu wetu wa Kiswahili anataka kila barua ianze na "buheri wa afya". Mimi nakuuliza tu: goti lako limepoa? Na kuku wa Mama bado wanalala kwa karai za duka lako? Huku niko sawa. Fomu tatu si mchezo, lakini niko sawa. Maji yanakuja mara mbili kwa wiki. Juzi githeri ilikuwa na mawe mengi mpaka Jane, anayelala kitanda cha juu yangu, akasema tunafundishwa ujenzi.

Najua unashangaa vile naongea. Kwa karatasi mimi si yule Seleyian anayejificha jikoni wageni wakija.

Nimeikosa silanga, Anko, lile bwawa letu. Jumapili kama leo, saa tisa, ng'ombe wa nyanya yangu Koko wameshakunywa na kurudi, watu wa estate wanateremka na chapati zao na soda, watoto wanaelea na tyubu za lori, kuna kwaya inarekodi video na mmoja lazima ateleze. Wewe na mimi tuko upande wetu wa mawe, kila mtu na mwanzi wake wa kuvulia, tunaangalia kipande cha slipper kikicheza juu ya maji. Nilikuwa darasa la nne uliponipeleka mara ya kwanza. Ukaniambia, "Samaki hawapendi watu wa kuongea. Wewe utakuwa bingwa." Watu wote walikuwa wananiambia nitoe sauti. Ni wewe peke yako uliyeona kunyamaza kwangu kuna kazi.

Mwanzi wangu uko wapi? Usimpe Simel, yule anayechunga ng'ombe wa Koko. Ataenda nao kuchokoza nyoka, halafu aseme kwa Koko samaki na nyoka ni ukoo mmoja.

Kitu kingine kidogo. Ile karatasi ya mkataba na mtu wa Nairobi, niliyosomea kamati ya silanga Desemba. Bado nasikia mwenyekiti, Mzee Kasaine, akisema, "Isomwe na mtoto. Mtu mzima husoma na tumbo." Na vile walisema nafaa mimi, baba Mmaasai, mama Mkikuyu, sitapendelea upande. Niliibadilisha kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, mstari kwa mstari. Wewe kama katibu ulikuwa umekaa kando yangu. Nauliza tu: ule ukurasa wa nne, ulioweka mkono juu yake ukaninong'oneza ni namba za ramani, turuke, wazee wanachomwa na jua, ulikuwa wa namba tu? Tunafundishwa ramani kwa Jiografia ndio nikaukumbuka. Kama ni namba, basi.

Mwambie Mama sabuni imeisha.

Mwihwa wako,
Seleyian


Noonkopir, Kitengela
9 Machi 2025

Mwihwa wangu,

Usinihesabie siku. Barua ilifika mapema, mimi ndio nimechelewa. Goti linajua mvua kuliko watu wa redio. Mama yako ni mzima, kuku mmoja ameangua tisa ndani ya karai nililokuwa nimeshauza, mwenye karai ananiuliza nimpe karai au nimpe kuku. Sabuni nimempa Mama, pamoja na siagi. Usigawie shule nzima.

Nilisomea wateja hiyo ya githeri. Wamecheka mpaka mmoja akasahau misumari yake.

Mwanzi wako uko salama juu ya dari ya duka. Lakini wewe sasa ni msichana mkubwa, wachana na mianzi. Nitakununulia fimbo ya kisasa, yenye kigurudumu cha kukunja uzi. Kwetu mtoto wa dada hanyimwi kitu, ndio maana anaitwa mwihwa. Silanga iko. Sijaenda sana siku hizi, kazi imenishika.

Likizo ya Aprili nimeongea na binamu yangu, shangazi yako Nyaguthii wa Kimuka. Uende ukakae kwake. Kuna baridi nzuri ya kusoma, hakuna kelele za Kitengela. Nauli nitatoa mimi.

Mambo ya karatasi wachia watu wazima. Wewe kazi yako ni moja, na uliifanya vizuri. Ulisoma kama mtangazaji.

Mungu akulinde.
Anko wako,
Mbugua


Nyumbani, Kitengela
14 Aprili 2025

Kwa Anko,

Natumai hii inakupata. Njogu wa lori la nyasi ameniambia anapita Kimuka kila Jumatano na anajua kwa Shangazi Nyaguthii. Ndiyo, najua uko huko. Uliniambia niende Kimuka na sasa ni wewe umeenda. Simu yako inasema mteja hapatikani, tangu nifunge shule. Mama anasema uko na kazi. Nikimuuliza kazi gani anaanza kuchagua mchele ambao tayari amechagua.

Vifaranga vya yule kuku ni saba sasa. Mwewe alichukua wawili. Duka lina kufuli.

Nilienda silanga Jumapili ya kwanza. Nilitaka kukaa tu, hata sikuwa na mwanzi. Anko, kuna uzio. Waya wa juu mpaka chini, kuzunguka silanga yote, na geti, na mlinzi kwa kiti cha plastiki. Ndani kuna boti za kukanyaga na miguu, zenye shingo ya bata, tatu, na hakuna mtu ndani ya hata moja. Nilisimama hapo kama mtu aliyekosea nyumba. Mlinzi akaniambia, "Madam mdogo, siku hizi ni tiketi. Samaki pia ni tiketi. Ng'ombe hata na tiketi hawaingii."

Simel alikuwa upande ule mwingine na ng'ombe wa Koko. Walikuwa wamesimama wakiangalia maji kupitia waya. Nikamuuliza, nani amefanya hii?

Akacheka, ile ya kutoonyesha meno. "Unaniuliza mimi? Si ni wewe ulisoma? Uliza karatasi yako."

Nikasema, haikuwa kwa karatasi.

"Basi uzio umeota," akasema. "Kama uyoga."

Sasa wanavusha ng'ombe barabara kubwa ya Namanga kutafuta maji. Yule mtamba mweupe wa Koko, aliyekuwa anaramba nguo zako ukipita, aligongwa na trela mwezi wa tatu. Ulijua? Uliniandikia mwezi huo huo na ukaniambia silanga iko.

Halafu nikaenda kwa Koko. Si unajua vile huwa. Nikainamisha kichwa nikangoja mkono wake wa salamu juu ya kichwa. Nikangoja. Nikaona viatu vyake, zile raba za tairi, zikigeuka na kwenda kwa moto. Hakunigusa. Miaka kumi na sita mimi sijawahi kuinamisha kichwa mbele ya Koko na mkono usije. Alisema tu, akiwa amenipa mgongo, "Nilisikia sauti yako. Ilikuwa nzuri sana."

Kwa hivyo nakuuliza tena, na sasa siulizi tu. Ukurasa wa nne ulikuwa na nini?

Seleyian


Shuleni, Kajiado
1 Juni 2025

Kwa Anko,

Natumai wewe na Shangazi ni wazima. Huku kuna homa, lakini mimi haijanipata.

Njogu aliniapia kwamba barua alikupa mkononi, na kwamba uliiweka mfukoni bila kuifungua ukamuuliza bei ya nyasi. Hiyo ni wiki saba.

Jane anapata barua kutoka kwa babake kila mwezi. Anasema tu shamba limelimwa, mbuzi amezaa. Sikujua mtu anaweza kuonea mbuzi wa watu wivu.

Seleyian


Kimuka
29 Juni 2025

Mwihwa wangu,

Pole kwa homa ya shule. Shangazi anakusalimia. Huku ni baridi mpaka maziwa yanaganda. Niko tu, nasaidia kwa mashine ya kukata nyasi, goti linalalamika.

Pamoja na hii barua Njogu anakuletea mzigo. Ni ile fimbo niliyokuahidi. Umeona kigurudumu chake? Uzi ni mita mia moja. Mtu anaweza kutupa kutoka kwa mawe yetu mpaka katikati kabisa, pale tulikuwa tunaona kambare wakubwa wakiruka na hatuwafikii.

Seleyian, wewe ni msomi, utanielewa. Silanga ilikuwa inakufa. Matope, chupa, ng'ombe wanakojoa humo, watoto nusura wafe maji mara mbili. Huyo mtu wa Nairobi alikuja kwa duka kununua rangi, tukaongea samaki saa mbili. Mtu anajua samaki! Akasema ataleta vifaranga vya samaki elfu tano, boti, vyoo, kivuli cha kukaa. Akasema atahitaji meneja wa uvuvi, mtu wa hapo, mtu anayeyajua maji. Nani anayajua kama mimi? Nilikuona wewe na vitabu vyako chini ya kivuli, unanisaidia likizo. Hakuna mtu angekuambia utoe sauti. Niliona hivyo kabisa, kama vile naona huu mkono wangu.

Wazee wangekataa kwa sababu ya ng'ombe. Wangekataa hata kabla ya kusikia mambo ya vifaranga. Nilisema waanze kuona faida kwanza, hayo mengine tutaongea pole pole.

Walileta meneja wao kutoka Nairobi. Kijana mdogo. Ananiambia kambare, samaki wa usiku, anakula asubuhi.

Sasa nasikia Mzee Kasaine amepeleka malalamiko, na mtu wa ardhi wa kaunti anakuja Agosti kusikia watu. Watakuita. Nakuomba, kwa upole, ukumbuke kwamba chini ya ile karatasi si saini yangu peke yake. Kuna mstari wa mtu aliyetafsiri, na hapo kuna jina lako, uliandika na mkono wako, kwa ile hati yako nzuri ya duara. Tukianguka tunaanguka wawili.

Anko wako,
Mbugua


Shuleni, Kajiado
6 Julai 2025

Kwa Anko Mbugua,

Mama alikuja leo siku ya wazazi, kwa hivyo hii anaitoa yeye, haisomwi na mwalimu wa zamu. Kuku wamebaki watano. Mama amekonda. Hataki nikutaje na hataki nikuseme vibaya, kwa hivyo tulikula chapati tukiongea mambo ya sweta.

Wacha nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu.

Nilipoinua wa tatu na ukaweka mkono juu ya ule wa nne, hukuufunika wote. Una vidole vinene, lakini vina nafasi katikati. Mimi nasoma haraka. Kabla hujaninong'oneza mambo ya ramani nilikuwa nimeshaona mistari miwili. Niliona mifugo. Niliona uzio. Niliona miaka thelathini na tatu. Hayo si namba za ramani, na nilijua.

Ningesimama. Ningesema, ngojeni, kuna ukurasa. Lakini kusoma ni kitu kimoja, maneno ni ya mtu mwingine, mimi napitisha tu. Kusimama ningehitaji maneno yangu mwenyewe, na watu arobaini wananiangalia, na Koko yuko mstari wa mbele na ile shuka yake mpya ananitabasamia. Na wewe ulikuwa kando yangu. Nikajiambia, Anko hawezi. Nikachukua kurasa mbili nikazigeuza pamoja kama moja. Hata nililamba kidole ili zishikane vizuri.

Halafu jioni ukaninunulia chipsi na soda na nikala zote.

Kwa hivyo usinitishe na saini yangu. Naijua. Miezi saba nimelala nayo. Mwezi wa pili nilikuandikia "nauliza tu" kama mtu asiyejua. Nilitaka uniambie uongo mzuri zaidi, wenye ramani ndani, ili na mimi nipate pa kulala. Hata huo ulininyima. Ulisema niwachie watu wazima.

Unasema ulinichorea kivuli na vitabu. Hukuniuliza. Kulikuwa na Jumapili ngapi, Anko, kutoka darasa la nne? Tumekaa kwa mawe mimi na wewe masaa na masaa, na mwaka mzima ulikuwa na huyo mtu wa Nairobi kichwani, na hukusema. Mimi nilifikiri tunanyamaza pamoja. Kumbe mimi ndio nilikuwa nanyamaza, wewe ulikuwa unaficha.

Fimbo iko chini ya kitanda. Sijaitoa plastiki.

Seleyian


Kimuka
27 Julai 2025

Seleyian,

Nimesoma. Nimesoma mara nyingi.

Sina hadithi za kuku. Ninaomba kitu kimoja. Wakikuita, sema hukumbuki. Ulikuwa mtoto, kulikuwa na jua, karatasi ilikuwa ndefu. Hakuna mtu atakulaumu, na hiyo si uongo mkubwa. Ukitaja jina langu mbele ya watu sitarudi Kitengela. Duka ni la miaka kumi na nane. Mama yako ni dada yangu wa pekee, nilimlipia shule nikiuza mkaa. Muulize.

Mimi ndiye niliyekufundisha kushika mwanzi.

Mbugua


Nyumbani, Kitengela
17 Agosti 2025

Kwa Anko,

Sijui nianze na salamu gani. Tumetoka kanisani. Ni Jumapili, saa tisa.

Mtu wa kaunti alikuja Alhamisi, na faili. Tulikaa kwa boma la Mzee Kasaine, chini ya tenti ya kukodisha. Watu walikuwa wengi kuliko Desemba. Mama alikaa nyuma kabisa karibu na barabara. Nilikuwa nimemuuliza kuhusu mkaa. Alisema ni kweli, ulikuwa unarudi jioni meno peke yake ndiyo meupe. Halafu akaniambia, "Mimi sikutumi useme na sikukatazi." Akanipigia sketi pasi.

Nilikuwa nimepanga kusema sikumbuki. Nataka ujue hivyo. Nililifanyia mazoezi bafuni, na hata linanitoka vizuri, kwa sababu kila mtu anajua mimi huwa sisemi kitu.

Mzee Kasaine akaniita mbele. Akauliza, "Mtoto wa Saning'o, Desemba ulitusomea kurasa ngapi?"

Nikasema, nne.

"Na karatasi iko na ngapi?"

Mtu wa kaunti akaninyoshea ile karatasi. Zilikuwa tano, nilizijua bila kuzihesabu. Nikasema, tano.

Simel alikuwa ameegemea fito za boma, na mara hii hakucheka. Nikaangalia kiti cha katibu. Hakuna mtu alikuwa amekikalia, waliweka tu birika ya chai hapo juu.

"Nani alikuambia uruke?"

Nikasema, "Anko Mbugua." Na kabla hawajaanza kelele nikasema, "Na mimi niliona. Niliona mifugo na uzio, nikageuza kurasa mbili pamoja."

Sauti ilitoka ndogo. Wa nyuma wakasema hawajasikia, nirudie. Ilibidi niseme tena, yote, jina lako na kosa langu, kwa nguvu. Wewe unajua vile sijawahi kupaza sauti hata nikiumwa na nyuki.

Halafu nikausoma. Ukurasa wa nne, kutoka juu mpaka chini, kwa Kiswahili, na pale ng'ombe walipokatazwa maji kwa miaka thelathini na tatu Mzee Kasaine akasema, "Rudia." Nikarudia mara tatu. Nilipomaliza nikainua macho na Mama hakuwa pale. Alikuwa ametembea akaenda nyumbani. Tangu Alhamisi anapika, ananipakulia, ananiuliza kama chumvi imetosha. Hilo tu.

Mtu wa kaunti hakuamua. Alisema ataandika ripoti, na mpaka jibu litoke geti lifunguliwe asubuhi kwa ng'ombe, bure. Jana walikunywa. Mlinzi alihamisha kiti chake. Simel anasema ng'ombe walizitazama zile boti za bata muda mrefu sana kabla ya kuinamisha vichwa. Sisi wa samaki bado ni tiketi.

Baada ya mkutano nilienda mbele ya Koko nikainamisha kichwa. Mkono ulikuja. Ulikuwa mwepesi, ukagusa ukaondoka.

Jana jioni kamati ilipata barua ya huyo mtu wa Nairobi, kwa Kiingereza, kurasa tatu. Nilikuwa nimekaa karibu. Nilidhani wataniangalia. Mzee Kasaine akamuita Rachel, wa gredi ya sita, binti wa fundi wa nguo. Yule anayesoma akifuata na kidole. Koko akasema, "Ngojeni." Akaichukua ile barua, yeye ambaye hajui hata herufi moja, akalamba kidole akatenganisha karatasi moja, ya pili, ya tatu, akazirudia kutoka nyuma kwenda mbele. Akampa Rachel.

Wakati wote wa kuhesabu hakumwangalia Rachel. Aliniangalia mimi.

Njogu anapita Jumatano. Nitampa fimbo akurudishie, bado iko kwa plastiki. Mwanzi wangu uko ndani ya duka lako, na ufunguo uko na wewe.

Seleyian Saning'o